Mtoe Namba Tisa

Nilipokuwa nakusanya vitu vya Baba, wiki ya tatu baada ya kumzika, nilikuta chini ya kitanda chake vuvuzela la njano limeviringishwa ndani ya taulo. Ninyi mliokulia Durban miaka ile mnayajua yale matarumbeta ya plastiki. Kombe la Dunia lilipokwisha yalibaki kila kona, watoto tukapigiana kelele nayo mpaka wazazi wakachoka. La kwetu nilijua lilitupwa zamani, maana Baba mwenyewe aliniambia amelitupa. Nikaligeuza mkononi. Pale pa kuwekea mdomo palikuwa na alama za meno, na meno yale yalikuwa madogo. Nilikaa sakafuni nalo.

Tulikuwa tunaishi Glenwood, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya zamani iliyojaa wanafunzi: Baba, Mama, kaka yangu Amani na mimi. Bukavu, Baba alikuwa mwalimu wa jiografia. Durban alikuwa mlinzi wa magari, mtu wa kusimama kando ya barabara na fulana ya kung'aa, akiwaonyesha madereva nafasi ya kuegesha na kungoja wamkumbuke wakiondoka. Wengine walimwita kwa kidole. Niliona hivyo siku moja nikitoka shule, kidole tu kikitoka dirishani, na Baba akaenda mbio. Nilijifanya sikumwona. Nyumbani, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, alisema maneno machache sana.

Jumapili alikuwa mtu mwingine. Amani alikuwa na miaka kumi na tisa na alivaa namba tisa katika timu ya Wakongo iliyocheza Sydenham baada ya ibada, na Baba alikuwa Papa wa namba tisa. Watu walimsogezea kiti. Watu walimuuliza, "Papa Amani, leo tutawapiga ngapi?" naye akajibu kwa sauti ya darasani, akikunja mikono ya shati. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliamini hiyo namba mgongoni mwa kaka yangu ilikuwa ya kuheshimu umri wangu.

Uwanja wenyewe ulikuwa umeinama. Goli la juu lilikuwa karibu na ukuta, goli la chini lilitazama barabara, na mpira ukitoka kule chini ulienda mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, taxi zikaupigia honi. Kila timu ilitaka kupanda kipindi cha kwanza na kushuka cha pili, wakati mpinzani miguu imekwisha. Hata mimi nilijua hivyo. Kocha wetu peke yake ndiye hakujua, au ndivyo tulivyodhani. Kocha Placide alikuwa mtu wa Kinshasa, mrefu, mpole, Kiswahili chake kikimpa shida, na kila akipewa kuchagua alichagua kushuka kwanza. Halafu kipindi cha pili kikianza tu, tukiwa tunaongoza, anainua katoni iliyoandikwa tisa kwa dawa nyeusi ya viatu. Amani anatoka. Anaingia Trésor, naye wa Kinshasa, kijana mwenye roho nzuri ambaye mpira ulimpiga gotini ukaenda zake. Timu inarudi nyuma kulinda goli, nyuma penyewe ni bondeni, na dakika kumi baadaye tumesawazishiwa. Nilishuhudia mchezo huo huo msimu mzima, na hata leo nikikumbuka ile katoni ikipanda damu inanichemka, ingawa sina tena haki ya kukasirika.

Baba hakulala nayo. Jioni alitandika uwanja juu ya meza, kikombe cha Mama ndilo goli, maharage ndiyo wachezaji.

"Angalia hapa. Sasa tunashuka. Adui amechoka, ulimi uko inje. Ni saa hiyo njo unatoa namba tisa? Juu ya nini?"

"Papa Amani, kula," Mama alisema. "Chakula inapoa."

"Na anaingiza Trésor! Trésor hajuwe hata kusimamisha mpira."

"Kocha iko na mpango yake, Papa," Amani alisema, bila kuinua macho.

"Mpango gani? Mpango ni Kinshasa. Anapandisha watu ya kwao, sisi ya Est, ya mashariki, anatuweka kwa banc, tukae tu."

Mama alichukua kikombe chake kutoka golini akanywa chai. Amani alicheka kidogo, akaenda kulala mapema. Wakati huo alikuwa analala mapema kila siku, na sisi tukasema ni kazi, kwa sababu alikuwa anabeba makabati na vitanda kwenye duka moja la fanicha pale Berea.

Mimi nilimchukia Kocha Placide kwa moyo wangu wote. Nilimchora nyuma ya daftari la hesabu nikamtoboa macho kwa kalamu. Mtoto akimpenda baba yake kwa namna ile huchukia anachochukia baba, na huchukia zaidi, kwa kuwa hana kazi nyingine.

Basi mwezi huo kanisani kwetu alikuja mhubiri mgeni, akahubiri juu ya watu wanaoiba nyota za wenzao. Alisema wanaweza kuchukua bahati yako kwa kukushika mkono tu, wakisema maneno chini chini, na kuanzia hapo nguvu zako ni zao. Kina mama walilia. Mimi nilitia mikono yangu chini ya mapaja na sikumpa mtu yeyote mkono hadi tulipofika nyumbani.

Jumapili iliyofuata, kabla ya mechi, nilikwenda nyuma ya kontena ambamo wachezaji walibadilishia nguo, nikitafuta bomba la maji. Amani alikuwa amekaa juu ya ndoo, kifua wazi. Kocha Placide alikuwa amechuchumaa mbele yake, amemshika mkono pale panapovaliwa saa, macho kwenye saa yake mwenyewe, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akainama akaweka sikio juu ya kifua cha kaka yangu, akatulia hivyo muda mrefu. Amani alikuwa amefumba macho. Kocha alipoinuka alisema kitu, na Amani akatikisa kichwa kukubali kama anayepewa amri. Nilisahau kiu. Siku hiyo nayo alitolewa, mapema kuliko siku zote, na tukafungwa.

Nilinyamaza hadi Jumamosi, wakati Baba alipokuwa amekaa mlangoni akipiga brashi viatu vya mpira vya Amani. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

"Papa," nikasema, "Kocha anaiba nyota ya yaya Amani." Yaya ndivyo nilivyomwita kaka yangu.

Brashi ikasimama. Nikamwonyesha: mkono, saa, midomo, sikio. Nataka mnielewe hapa, kwa sababu nimemtetea Baba moyoni miaka mingi. Hakuwa mtu wa mambo hayo. Alikuwa mwalimu, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akimcheka mhubiri yule. Lakini alikuwa ametafuta sababu msimu mzima, ameitafuta kwenye maharage na kwenye vikombe, na sasa binti yake amemletea moja iliyoingia kila mahali. Amani aliporudi kutoka kazini akaulizwa.

"Placide anakushika mukono juu ya nini?"

Amani alinitazama mimi kwanza. "Ananisalimia tu, Papa."

"Na sikio kwa kifua, ile ni salamu ya wapi?"

"Achana naye, Papa. Tafazali."

Akatoka kwenda kunawa uso. Baba alimtazama mgongoni akasema polepole kwamba mtoto amefungwa mdomo.

Timu ile haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya watu wote, na kocha aliwekwa na kuondolewa kwa kuinua mikono, baada ya ibada, katika ukumbi huo huo tuliosalia, na kila mtu alikuwa na neno, hata mabibi ambao hawajawahi kuona mpira ukiingia golini. Kesho yake Baba alisimama. Alianza na mambo ya mpira, kushuka na kupanda, Trésor, na watu wakaitikia. Halafu akasema, "Mutoto wangu ameona kwa macho yake."

Walinisimamisha juu ya kiti. Nilimshika Mama mkono kuonyesha, nikachezesha midomo kama nilivyoona. Mkono wa Mama ulikuwa baridi na alitaka kuuvuta. Mtu akasema, "Eh, Yesu," na ukumbi mzima ukaguna.

Kocha Placide aliinuka. "Mimi si mchawi, baba zangu," alisema. Akageuka kumtazama Amani, aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa. Akangoja. Ukumbi wote ulimwona akingoja. Amani alikuwa anatazama viatu vyake. Basi Kocha akaitoa filimbi shingoni, akaiweka juu ya meza pamoja na begi la jezi, akasema, "Merci. Nimesikia." Mikono ikainuka. Na mimi niliinua wangu, nikiwa bado juu ya kiti, kwa hiyo ulikuwa juu kuliko yote.

Aliyechukua filimbi ni Papa Riziki, kinyozi, rafiki wa Baba, mtu aliyejua mpira kama mimi ninavyojua kuendesha meli. Kila kitu alimuuliza Baba. Kusema kweli, Jumapili ile, kwenye mechi ile, kocha alikuwa Baba.

Tulipanda kipindi cha kwanza, kama watu wenye akili. Jua lilikuwa kali. Amani alipanda na kupanda, na kila aliporudi alikuja akitembea. Mapumziko alikaa chini akanywa maji ambayo Mama alimshikia, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Uko muzima?" Mama akauliza.

"Ni jua, Mama."

Trésor alikuwa amesimama karibu, amekwisha kuvaa jezi. "Papa Amani, mimi niko tayari. Apumuzike kidogo."

"Kaa," Baba alisema. "Leo hakuna wa kumutoa."

Kipindi cha pili tukashuka, na ilikuwa raha ambayo sijapata kuiona tena. Amani alifunga goli moja, mtu asiamini, mpira ukienda wenyewe kama maji. Baba alinikumbatia, fulana yake ikinuka jasho na dawa ya viatu. Hapo ndipo tukasikia sauti nje ya uzio wa pembeni. Kocha Placide alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili.

"Mutoe! Mutoe namba tisa! Riziki, nakuomba, mutoe!"

Watu wakaangua kicheko. Wakamwambia filimbi imekwenda na nyota imerudi. Yeye aliendelea, na sauti yake ilikuwa mbaya kusikia, ya mtu asiyeona aibu. Papa Riziki akamtazama Baba. Baba akachukua vuvuzela kutoka kwapani akanipa.

"Piga, mama," aliniambia, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake na aliniita hivyo. "Funika ile sauti."

Nikapiga. Nililiuma kwa meno ili lisiteleze, nikavuta pumzi kutoka tumboni, na sauti ya Kocha Placide ikazama. Niliona kinywa chake kinafunguka na kufungika na hakuna kinachotoka. Sikuwahi kujiona mkubwa namna ile. Katikati ya uwanja Amani alisimama, akatugeukia, akainua mikono na kuizungusha mmoja juu ya mwingine. Kila anayejua mpira anajua maana yake: nibadilisheni. Nami nilijua. Lakini nyumbani alikuwa ananichezea ndombolo kwa mikono ile ile, nikipata maksi nzuri, na nilifikiri anachezea vuvuzela langu. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Baba alikuwa amegeuka anamcheka Kocha. Sikujua kama aliona.

Amani alikwenda hatua tatu kuteremka, akakaa, kisha akalala. Mpira uliendelea peke yake hadi barabarani.

Kocha Placide aliruka uzio na suruali ikachanika. Alifika wa kwanza. Alipoweka mikono miwili juu ya kifua cha kaka yangu watu walimrukia, na wa kwanza alikuwa Baba, aliyemvuta kwa kola akipiga kelele, "Muache mutoto yangu!" Wanaume wawili walimshika mikono nyuma. Alikuwa analia, akisema kwa Kifaransa, kwa Kilingala, kwa Kiswahili kibovu, kwamba yeye ni infirmier, muuguzi, wamwachie, moyo, moyo. Trésor ndiye aliyewapigania wakamwachia. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Alibonyeza kile kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na wahudumu walipomgusa hawakukimbia tena.

Kocha Placide alikuja kwenye kilio siku ya pili. Wanaume walikuwa wamekaa chini chumbani kwetu, magodoro yametolewa, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Alimpa Baba barua ya hospitali. Kinshasa alikuwa muuguzi miaka kumi na mbili, alisema. Siku moja mazoezini alimwona Amani anapumua vibaya, akaweka sikio, akasikia moyo unavuja. Alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Wakapewa barua na siku ya kurudi, mbali sana, miezi mingi mbele.

Mama, kutoka pembeni, akasema kama anayeongea na ukuta kwamba kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, Amani akiwa mdogo, alivimba viungo akalala mwezi mzima. Kocha akasema ugonjwa ule ndio unaoharibu moyo.

"Juu ya nini hukuniambia?" Baba aliuliza.

"Aliniapisha, Papa Amani. Alisema, Papa anasimama kwa barabara wiki muzima, banamuita na kidole. Jumapili njo anakuwa mutu. Nikiacha mpira, atabakia na nini?" Kocha akajifuta uso. "Nilimwambia, basi nusu tu, na utashuka, hutapanda. Nilikuwa napima moyo mbele ya kila mechi. Ilifaa nimukatalie kabisa. Nilikosa. Ile ni kosa yangu, na ninaijua."

Baba aliikunja ile barua, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Usiku ule aliniambia amelitupa vuvuzela, ingawa sikuwa nimemuuliza.

Hatukuzungumza juu ya siku ile tena, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Baba alirudi kulinda magari na akazeeka palepale kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa na desturi moja tu: mara moja kwa mwaka, Jumapili ile, alivaa koti na kusema, "Naenda kusalimia mutu Sydenham." Nilidhani anakwenda kuuangalia uwanja. Sikuwahi kumfuata, kwa sababu niliogopa angeniuliza kitu.

Wiki iliyopita nililichukua vuvuzela nikaenda mimi. Kocha Placide bado anakaa Sydenham, chumba kile kile cha miaka ile, mvi zimemjaa, miguu imevimba. Nilimwamkia, nikaliweka mezani, na nikasema yale niliyopanga njia nzima, kwamba ni mimi niliyesema nyota, na ni mimi niliyepuliza.

Alilichukua, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya zile alama.

"Papa yako alikuwa anakuja hapa kila mwaka," alisema. "Anakaa kwa ile kiti. Kila mwaka neno ni moja: Placide, ni mimi nilipiga ile kitu. Mutoto hakukuwa pale, alikuwa na homa, alibakia nyumbani na jirani. Mwaka hii pia alikuja, hata kutembea alikuwa hawezi."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Mimi nilikuwa kwa uzio, maman. Nilikuona na macho yangu mbili." Akalirudisha vuvuzela mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulia. "Nilimwambia, ndiyo, Papa Amani. Hakukuwa pale."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili hiyo. Badala yake alinichemshia chai, akaniuliza kama nimeolewa, na nilipoinuka kuondoka alinishika mkono kuniaga. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe pale panapovaliwa saa vikatulia, na nikaona midomo yake inaanza kutembea bila sauti. Nilisimama bila kutikisika, nikamwacha ahesabu hadi mwisho.